MARTIN LUTHER KATIKA MWAKA WA TAUNI



Kila mwaka, mwezi wa 10 unapokwisha, makanisa yetu mengi ya Kiprotestanti yanakumbuka Martin Luther. Tunasikia juu ya hoja zake 95, juu ya mkutano wa Worms, juu ya Biblia aliyotafsiri kwa Kijerumani. Mambo hayo tunayajua toka kilasi za chini. Lakini kuna mwaka mmoja wa maisha yake usiosemwa sana, nao ni mwaka 1527. Mwaka ule adui hakuwa Papa wala mfalme. Adui alikuwa ugonjwa ulioingia katika mji wake na mpaka nyumbani mwake, na pamoja na ugonjwa ulikuja woga.

Tumeona vema kuandika habari hii sababu sisi watu wa Congo tunajua magonjwa ya kuambukiza. Tunajua pia namna woga unavyoweza kutenganisha ndugu na ndugu. Tena wako Wakristo wanaosema eti mwenye imani haogopi kamwe, na wengine wanasema eti mwenye imani hana lazima ya dawa. Tuangalie basi maisha ya huyu mtumishi wa Mungu, tuone yeye alifanya namna gani.

1. MTOTO ALIYEJUA KUOGOPA

Luther alizaliwa tarehe 10 mwezi wa 11 mwaka 1483, katika mji wa Eisleben, Ujerumani. Baba yake, Hans, alifanya kazi ya shaba kule Mansfeld. Mama yake aliitwa Margarethe. Walikuwa watu wa kazi ngumu. Baba alitamani mtoto wake asome sheria, apate cheo na aoe vizuri, kusudi asaidie jamaa. Mwaka 1501 akamtuma kusoma kwenye chuo kikuu cha Erfurt.

Lakini tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 1505, kijana Luther alipokuwa njiani kurudi Erfurt, mvua kubwa ilimkuta karibu na kijiji cha Stotternheim. Radi ikapiga karibu naye. Aliogopa kufa, akalia kwa mtakatifu Anna, akaweka nadhiri kwamba akipona atakuwa mtawa. Alipona, na wiki mbili nyuma ya pale akaingia katika nyumba ya watawa wa Augustino. Baba yake alikasirika sana. Kumbe, kazi yote ya Luther katika kanisa ilianza siku ya woga!

Na ndani ya nyumba ya watawa woga haukumwacha. Alifunga, alikesha, aliungama dhambi zake kwa saa nyingi, na bado aliona Mungu kama hakimu mwenye hasira. Mwaka 1507, aliposimama mara ya kwanza kuongoza misa, alitetemeka hata karibu aache ibada katikati. Mwaka 1512 akawa daktari wa teolojia kule Wittenberg, akaanza kufundisha Zaburi na barua ya Paulo kwa Warumi. Katika kusoma kwake ndipo alifahamu kwamba mtu anahesabiwa haki kwa imani, kwamba Mungu ndiye anayetoa haki hiyo bure juu ya Kristo. Pale moyo wake ulipata kupumzika.

Mambo yaliyofuata mnayajua. Tarehe 31 mwezi wa 10 mwaka 1517 alitoa hoja 95 kupinga biashara ya vyeti vya msamaha. Mwaka 1521 Papa alimtenga na kanisa, na katika mwezi wa 4 alisimama mbele ya kaisari Karl wa 5 kule Worms, akakataa kukana maandiko yake. Marafiki wakamficha katika ngome ya Wartburg, na kule alitafsiri Agano Jipya, lililotoka mwaka 1522. Mwaka 1525 alioa Katharina von Bora, mwanamke aliyekuwa mtawa mbele. Mwaka 1526 wakazaa mtoto wao wa kwanza, wakamwita Hans kama babu yake.

2. UGONJWA GANI?

Ugonjwa tunaousema ni tauni. Katika karne ya 14 tauni iliua sehemu kubwa ya watu wa Ulaya, na kiisha ilirudi mara kwa mara kwa miaka mingi. Mtu anapata homa kali, anavimba mitoki kwenye mapaja, kwapa au shingo, na wengi wanakufa katika siku chache. Ikifika katika mapafu, inapita toka mtu kwa mtu kwa njia ya kikohozi, na hiyo ni mbaya zaidi.

Siku zile hata mtu mmoja hakujua chanzo chake. Waganga walidhani ni hewa iliyoharibika. Ni mwaka 1894 tu, kule Hong Kong, ambapo munganga Alexandre Yersin alipata kuona kijidudu cha tauni kwa mikroskopu. Mwaka 1898 munganga mwingine, Paul-Louis Simond, alionyesha kwamba viroboto wa panya ndio wanaopeleka ugonjwa. Leo kuna dawa za kuponyesha tauni kama mgonjwa anafika mapema. Nasi hatuna haki ya kusema tauni ni habari ya Ulaya ya zamani tu: kwetu katika Ituri, upande wa Mahagi na pembeni ya Ziwa Albert, imeonekana mara nyingi.

Luther hakuwa na dawa hizo. Kumbukeni jambo hilo katika yote yanayofuata.

3. MWAKA 1527

Mwaka ule ulianza vibaya kwa Luther. Alikuwa na miaka 43, na mwili wake ulikuwa umechoka. Tarehe 6 mwezi wa 7 masikio yake yalivuma kwa nguvu, akaishiwa nguvu, akaanguka. Walimlaza kitandani. Mchungaji wa mji, Johannes Bugenhagen, na rafiki yake Justus Jonas wakaitwa. Luther alidhani saa yake imefika. Aliweka mke wake na mtoto wake mdogo mikononi mwa Mungu, maana hakuwa na mali ya kuwaachia, isipokuwa vikombe vichache vya fedha. Mwili ulipata nafuu, lakini moyo ulibaki katika giza. Kwa wiki nyingi alihisi kama Kristo amemwacha, akaomba marafiki wamwombee. Yule mtu aliyesimama mbele ya kaisari bila kurudi nyuma, sasa aliogopa kitandani mwake.

Mwezi haujaisha tangu siku ile, tauni ikaingia Wittenberg. Mwanzo wa mwezi wa 8 watu wa kwanza walikufa. Johann, mtawala wa Saxony, alipopata habari alitaka kuokoa chuo kikuu chake. Alimwandikia Luther ahame pamoja na jamaa yake kwenda Jena. Walimu na wanafunzi walifungasha, wakaenda. Kuondoka kwao hakukuwa kosa, maana mkubwa wao ndiye aliyetoa amri, na masomo yaliendelea kule.

Luther hakwenda. Bugenhagen hakwenda vilevile. Mashemasi wawili, Georg Rörer na Johannes Mantel, nao wakabaki. Kulikuwa bado na watu wengi mjini: maskini wasio na pahali pa kwenda, wagonjwa wasioweza kutembea, wajane, watoto. Nani atawahubiri? Nani atawapa meza ya Bwana? Nani atashika mkono wao saa ya kufa?

Katikati ya mwezi wa 8 watu 18 walikuwa wamekwisha kufa. Mke wa mkubwa wa mji, Tilo Dene, alikufa karibu katika mikono ya Luther mwenyewe. Hata hivyo Luther aliona jambo la kushangaza, akaliandika kwa rafiki yake Spalatin: ugonjwa wenyewe haukuwa mkali sana bado, lakini woga wa watu na mbio zao zilikuwa kubwa kuliko ugonjwa.

Na wanafunzi, je? Wachache walibaki. Kwa hao wachache Luther hakufunga kitabu chake. Tangu mwezi wa 8 mpaka mwezi wa 11 aliwafundisha barua ya kwanza ya Yohana, ile inayosema sana juu ya upendo, na juu ya upendo unaofukuza woga. Tunawaza juu ya kilasi ile: mwalimu mwenye ugonjwa wa moyo, wanafunzi wa kuhesabu kwa vidole, na nje watu wanazika.

4. SWALI LA WACHUNGAJI WA BRESLAU

Wakati ule kulikuwa swali lililokuwa linangojea jibu. Wachungaji wa Breslau, mji unaoitwa leo Wrocław katika Poland, walikuwa wameona tauni mbele ya Wittenberg. Mchungaji Johann Hess aliandika kwa jina lao kumuuliza Luther kama ni halali Mkristo kukimbia ugonjwa wa kufisha. Luther alichelewa kujibu, sababu hakuwa na afya. Kiisha tauni yenyewe ikafika mlangoni kwake, naye akajibu akiwa ndani yake. Barua hiyo ilipigwa chapa mwezi wa 11 mwaka 1527. Tunaeleza hapa maana yake kwa maneno yetu wenyewe.

Kwanza, hakusema kwamba kila Mkristo lazima abaki. Imani za watu hazilingani. Wengine wana nguvu, wengine ni wadhaifu, na mwenye nguvu asimhukumu mdhaifu. Kutunza uzima wako si dhambi. Mungu ndiye aliyetuwekea hamu ya kuishi. Katika Biblia Ibrahimu, Yakobo, Daudi na Eliya walikimbia hatari, na Mungu hakuwakemea.

Pili, akasema kuna watu wasioweza kuondoka. Ni wale wenye kazi ambayo wengine wanaitegemea. Mchungaji asiache kundi wakati wa kufa, kwa maana Yesu katika Yohana sura ya 10 alionyesha tofauti kati ya mchungaji mwema na mtu wa mshahara. Wakubwa wa mji wasiondoke, kusudi mji usiharibike. Waganga na watumishi wa wagonjwa wabaki, au waweke wengine wa kutosha mahali pao. Wazazi wasiache watoto, wala watoto wasiache wazazi. Na jirani asimwache jirani yake kama hakuna mwingine wa kumsaidia. Lakini kama mgonjwa ana watu wa kutosha wa kumtunza, basi mwingine anaweza kwenda na moyo mweupe. Swali la Luther basi halikuwa kama mtu anaogopa au haogopi. Swali lilikuwa: nani ananihitaji hapa?

Tatu, akasema juu ya woga wenyewe. Woga na chuki juu ya mgonjwa ni kazi ya Shetani, anayetaka tumsahau Mungu na kumwacha ndugu yetu. Mkristo ajibu kwa kuenda zaidi kwa mgonjwa. Akumbuke Mathayo sura ya 25: yule mgonjwa kitandani ni Kristo mwenyewe. Wengi wangekimbilia kumtumikia Kristo kama wangesikia amelala mgonjwa katika nyumba ya pili. Basi amelala pale, katika mwili wa jirani. Tena akumbuke ahadi ya Zaburi ya 41 kwa yule anayewaza mnyonge.

Nne, na hapa tusikilize vizuri, alikemea watu wa namna ya pili. Hao hawaogopi kitu. Hawataki dawa, wanaingia kila pahali palipo ugonjwa, wanasema eti Mungu akitaka atawalinda. Luther alisema huko si kumtumaini Mungu bali ni kumjaribu. Mungu ameumba dawa na ametupa akili ya kutunza mwili. Mtu anayekataa dawa anaweza kujiua mwenyewe, na kama anaambukiza wengine ana hatia ya kifo chao. Nyumba ikiwaka moto, hakuna anayekaa ndani akisema ni hukumu ya Mungu. Mtu akianguka majini anaogelea. Yule mwenye ugonjwa anayeficha na kuchanganyika na wengine kwa kusudi, Luther alimhesabu kuwa mwuaji.

Yeye alijiwekea kanuni hii: kumwomba Mungu kwanza, kiisha kutia moshi nyumbani kusafisha hewa, kama watu wa siku zile walivyojua, kutoa dawa na kunywa dawa, kuepuka watu na pahali pasipo na lazima, asije akawaambukiza wengine. Lakini jirani akimhitaji, basi ataenda bila kukataa. Aliona hiyo ni imani yenye akili, isiyo na kiburi na isiyo na woga wa kupita kiasi.

Tano, alitoa mashauri kwa mji wote. Aliyepona akae mbali na wengine kwa muda. Ni vizuri serikali ijenge hospitali, na pasipo na hospitali kila nyumba iwe hospitali kwa jirani yake. Makaburi yawekwe nje ya mji, pahali pa ukimya na heshima. Na Wakristo wasingoje saa ya mwisho. Wasikilize neno, watengeneze mambo yao na Mungu na watu wakiwa bado wazima, wasimwite mchungaji wakati mgonjwa hawezi tena kusema.

5. NYUMBA YAKE INAKUWA HOSPITALI

Ni rahisi kuandika maneno. Lakini wakati barua ile inapigwa chapa, Luther alikuwa anaiishi.

Jamaa yake ilikaa katika nyumba kubwa iliyokuwa ya watawa zamani. Mama Katharina alikuwa na mimba, amekaribia kuzaa. Ndipo wagonjwa wakaanza kuwa ndani. Hanna, mke wa munganga Augustin Schurff, alishikwa na ugonjwa. Margarethe von Mochau, aliyekaa kwao, alishikwa vilevile. Mtoto Hans, mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, aliugua siku nyingi, akakataa chakula. Tarehe 1 mwezi wa 11 Luther alimwandikia rafiki yake Amsdorf kwamba nyumba yake imekuwa hospitali. Siku hiyo ilikuwa karibu miaka 10 sawasawa tangu zile hoja 95, na yeye mwenyewe alikumbuka jambo hilo katika barua. Sikukuu yake ya miaka 10 ilikuwa namna ile.

Angalieni pia alivyofanya na vyumba. Margarethe alilazwa peke yake katika chumba cha wakati wa baridi. Hans aliwekwa katika chumba cha baba yake. Hanna alikuwa na chumba chake. Wazima walikaa katika chumba kikubwa cha mbele. Hakuna aliyefukuzwa, lakini hawakuchanganywa wote pamoja.

Siku zile zile pigo kubwa likaanguka. Mke wa shemasi Rörer, dada wa mchungaji Bugenhagen, alikuwa mja mzito. Alishikwa na tauni, akazaa mtoto aliyekufa, na yeye mwenyewe akafa. Luther aliogopa sana, maana mke wake alikuwa katika hali ile ile. Kila alipomwangalia Katharina, alimwona mke wa Rörer. Bugenhagen akahama na jamaa yake, akaja kukaa katika nyumba ya Luther, kusudi wasaidiane na wasiwe peke yao. Wachungaji wawili, mmoja mwenye msiba, mmoja mwenye hofu, chini ya paa moja. Waliomba pamoja, wakafundisha, wakatembelea wagonjwa.

Tarehe 10 mwezi wa 12 Katharina alizaa salama. Mtoto mwanamke, wakamwita Elisabeth. Hans alipona. Hanna alipona. Margarethe, ambaye wote walidhani atakufa, alipona vilevile. Mwisho wa mwezi Luther aliweza kuandika kwamba tauni imekufa na kuzikwa. Kwa nyumba yake hasara ilikuwa nguruwe watano. Mwaka 1528 chuo kikuu kilirudi Wittenberg.

6. MPAKA MWISHO WA SAFARI

Tusidhani kwamba kwa sababu alibaki, Mungu alimwondolea machozi. Elisabeth yule mdogo alikufa mwezi wa 8 mwaka 1528, hajafikisha hata mwaka. Luther alishangaa kuona moyo wa baba unaweza kuumia namna ile. Mwaka 1542 binti yake mwingine, Magdalena, alikufa akiwa na miaka 13, mikononi mwake.

Tauni nayo ilirudi. Mwaka 1535 chuo kikuu kilihama tena, na Luther akabaki tena. Mwaka 1539 munganga Sebald Münsterer na mke wake walikufa kwa tauni. Luther aliwachukua watoto wao wanne nyumbani kwake. Watu wa mji walimsema vibaya, sababu waliogopa ataleta ugonjwa. Yeye aliona watoto wa rafiki hawawezi kulala nje.

Wimbo wake unaotoka katika Zaburi ya 46, ule wa Mungu aliye ngome, ulijulikana katika miaka hii ya mwisho wa 1520. Sisi tunauimba katika ibada kwa sauti kubwa, kama wimbo wa vita. Ni vizuri tujue kwamba mtu aliyeuandika alijua pia usiku wa nyumba yenye wagonjwa.

Luther hakuwa bila makosa. Katika uzee wake aliandika maneno mabaya sana juu ya Wayahudi, hasa mwaka 1543, na makanisa ya Kilutheri yenyewe yamekataa maneno hayo. Hatumheshimu kama mtu asiyekosa. Alikufa tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 1546, katika Eisleben, mji ule ule alikozaliwa. Katharina aliishi miaka sita zaidi. Mwaka 1552 tauni ilipoingia tena Wittenberg, yeye aliondoka na watoto wake kwenda Torgau. Hakuwa tena na kundi la kutunza mjini, alikuwa mama wa kuokoa watoto. Njiani farasi waliogopa, akaanguka kutoka gari, akaumia. Alikufa tarehe 20 mwezi wa 12 katika Torgau. Mume alibaki, mke aliondoka, na kwa mafundisho ya Luther wote wawili walifanya sawa.

7. NA SISI?

Ndugu zetu, hapa kwetu tulipata Ebola. Ilijulikana mara ya kwanza mwaka 1976, Yambuku, na jina lake limetoka kwa mto wa nchi yetu. Ikafika Kikwit mwaka 1995. Toka mwaka 2018 mpaka 2020 ilisumbua Kivu ya Kaskazini na Ituri, na watu zaidi ya 2,200 wakafa. Mambo ambayo Luther aliyaona katika Wittenberg yalionekana tena Beni, Butembo na Mangina. Wengine walikimbia, hata pasipo lazima. Wengine walificha wagonjwa, au walizika usiku. Wengine walisema eti ni uongo wa watu wa pesa, au eti maombi peke yake yanatosha, na wakakataa chanjo. Lakini wako pia infirmie na waganga waliobaki kazini, na wachungaji waliofundisha watu kunawa mikono na kukubali maziko ya salama. Hao walifanya sawa vile barua ile inavyosema, hata kama wengi wao hawajaisoma.

Sisi tunaona mambo matatu ya kushika.

La kwanza: kuogopa si kukosa imani. Luther aliogopa radi, aliogopa misa, aliogopa kufa, aliogopa juu ya mke wake. Mwanafunzi anayeogopa asijione amekataliwa na Mungu. Swali ni kwamba woga unakupeleka wapi: mbali na ndugu yako, ao magotini mbele ya Mungu?

La pili: dawa na maombi si maadui. Anayenawa mikono, anayekwenda hospitali mapema, anayekubali kutengwa siku 21 kama waganga wanaomba, huyo hakuacha kumtumaini Mungu. Anamlinda jirani yake. Anayeficha ugonjwa wake kwa jina la imani anamweka jirani katika hatari.

La tatu: kila mmoja ajue zamu yake. Wako wanaopashwa kubaki, wako wanaoweza kuondoka, na hakuna sababu ya kuhukumiana. Ndani ya bweni letu, mwenzetu akishikwa na homa, wengine wanahamisha godoro lao mbali na kunyamaza. Kuhamisha godoro kunaweza kuwa vizuri. Kunyamaza ndiko kubaya. Mtu mmoja aende kumwita infirmie, mwingine alete maji, mwingine aandike barua kwa wazazi, mwingine amsomee Zaburi toka mlangoni. Kazi hizo hazihitaji daktari wa teolojia.

Siku zitakuja ambapo wengine kati yetu watakuwa waganga, walimu, wachungaji, wakubwa wa miji. Ugonjwa fulani utafika, hatujui gani. Tujizoeze toka sasa kujiuliza lile swali la mwaka 1527, nani ananihitaji hapa, kabla ya kujiuliza gari la kukimbilia liko wapi.

Mungu aliye kimbilio letu awalinde ninyi wote pamoja na jamaa zenu.

Sisi waandishi wa gazeti